Nyumba ya Juu ya Jaa

Mume wangu alinunua nyumba bila kunisemesha, kama wanaume wa siku zile walivyonunua redio. Tulikuwa tunaishi katika chumba kimoja cha kupanga nyuma ya maduka ya Homa Bay. Mimi nilifundisha darasa la tatu, yeye alikuwa karani katika ofisi ya baraza, na mtoto wetu wa kwanza ndiyo kwanza alikuwa anatambaa. Uhuru ulikuwa bado mbichi. Kila karani mwenye tai mbili alijiona mrithi wa Mzungu fulani, na wangu alikuwa na tatu.

"Jumamosi jitayarishe," aliniambia. "Nitakupeleka ukaone kwako."

Nyumba ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Ilijengwa kwa mawe ya kuchongwa, mabati yake hayakuwa na kutu, sakafu ilikuwa ya simiti nyekundu, na ilikuwa na vyumba vinne na veranda pana iliyotazama ziwa. Ukisimama verandani uliona meli ikikaribia gati. Ukishusha macho kidogo uliona jaa.

Lilikuwa jaa la mji mzima, hatua kama mia hivi chini ya nyumba, pale mteremko unapokatika kabla ya kufika majini. Mikokoteni ya baraza ilimwaga kila kitu hapo: maganda ya sokoni, matumbo ya samaki, makapi ya kiwanda cha pamba, na ndoo za vyoo vya wenye maduka ambao hawakutaka kujua ndoo zao ziliishia wapi. Korongo wale wenye vipara walisimama juu yake kutwa nzima, hawana haraka, kama madiwani wanaongojea posho.

Aliyetuuzia alikuwa mfanyabiashara Mwislamu, mzee wa pwani, aliyeuza vitambaa mjini tangu kabla sijazaliwa na sasa alikuwa anarudi kwao kwa watoto wake. Alitungojea verandani na birika la kahawa. Alinitazama mimi, hakumtazama mume wangu.

"Karibu, bibi mwalimu," alisema. "Bwana karani nimeshamwambia, na wewe nakwambia, ili kesho msije mkanilaani. Nyumba hii niliijenga pasipo na jaa. Walipolileta niligombana nao miaka, mpaka nikachoka. Kwa hivyo bei niliyompa mumeo si bei ya macho, ni bei ya pua. Mkiweza kuishi na pua zenu, mmepata nyumba. Msipoweza, msinitafute."

Mume wangu alicheka. Njiani tukirudi aliniambia kwamba mzee yule ni mjinga, na kwamba watu wa pwani hawajui mali.

"Nyumba ya mawe! Anaitupa kwa sababu ya harufu. Harufu inapita, mawe yanabaki."

"Inapita kwenda wapi?" nikamuuliza.

Hakunijibu. Alikuwa na desturi ya kutojibu swali ambalo jibu lake alilijua.

Tukahamia. Asubuhi upepo ulitoka nchi kavu ukaupeleka uvundo ziwani, na kama ungeishi asubuhi tu ungesema tumebarikiwa. Lakini jua likishakuwa kali upepo uligeuka, na kila kilichotupwa na mji kilipanda ngazi zetu kikaingia bila kubisha hodi. Inzi walikuwa wanene, wa kijani, na hawakuogopa mkono. Nilifunika sufuria kwa sinia na kuweka jiwe juu ya sinia. Nguo nilizofua na kuanika zilinuka kuliko zile chafu zilizokuwa kwenye kapu. Korongo walitua juu ya mabati yetu, kucha zao zikikwaruza, na uchafu wao mweupe ukatiririka kwenye mfereji hadi kwenye pipa la maji ya mvua. Macho ya mtoto yakawa mekundu, yakatoa tongotongo, nikawa namwosha kila jioni kwa maji ya chumvi huku amenishika kidole na kulia.

Shuleni watoto waliniita Mwalimu wa Jaani. Walidhani sisikii. Watoto hudhani ukitazama ubao masikio yako nayo yameelekea ubaoni.

Nyumbani neno harufu lilipigwa marufuku. Mume wangu alisema mtu akiishusha nyumba yake kwa mdomo wake, nani ataipandisha? Mimi nilifikiri nyumba hupandishwa na fundi. Sikujua kwamba kuna watu wanaoishi ndani ya nyumba huku akili yao ikiishi ndani ya bei yake. Aliamka akatazama kuta, akarudi kutoka kazini akatazama kuta, na jioni aliniambia mtu fulani ameuza nyumba fulani Kisumu kwa kiasi fulani. Macho ya mtoto hakuyatazama hata siku moja.

Jumapili moja, baada ya kanisa, alialika makarani wenzake wawili pamoja na wake zao. Nilipika kuku. Nilimwambia waje mapema, kabla upepo haujageuka, lakini mahubiri yalikuwa marefu. Tulipokaa mezani uvundo uliingia kama mgeni wa tano. Mmoja wa wale wanawake akatoa leso, akajifanya anakohoa.

"Hewa ya ziwa," mume wangu akasema. "Ina nguvu kwa mtu ambaye hajaizoea."

"Mimi pia ni wa ziwani, shemeji," yule mama akamjibu. "Ziwa la kwetu halina hewa hii."

Sote tukamtazama kuku. Waliondoka kabla ya chai, na mume wangu akawasindikiza mpaka njiani akieleza unene wa kuta. Siku hiyo ndiyo nilianza kumdharau. Nilikuwa nimemkasirikia mara nyingi tangu tuoane, na hasira haikunitisha kwa sababu hasira huisha. Hii ilikuwa kitu kingine, baridi, na ilipoingia niliona kwamba imekuja kukaa.

Kisha mama yake akaja kutoka kijijini kwao, Kosele. Aliletwa na lori la mahindi, amebeba kuku mmoja na kikapu cha wimbi, na alisimama kwenye lango asiingie.

"Nyar Magunga," aliniita, kwa maana wakwe zangu waliniita binti wa mahali nilikozaliwa, "nani amekufa hapa?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Basi kuna anayekufa."

Mume wangu akatoka akiwa amevaa tai, Jumamosi mchana. Akamwamkia mama yake, akamwonyesha mawe, akamwonyesha mabati, akamwonyesha ziwa. Yule mama alitazama chini ya ziwa, mahali ambapo wageni wote walijifanya hawaoni.

"Nani alikuleta hapa?" akamuuliza. "Mtu akihamia dala mpya, boma lake mwenyewe, huletwa na baba yake, na jogoo, na moto. Wewe uliletwa na nani?"

"Hii si dala, mama. Ni nyumba ya mjini. Ni mali. Nikitaka kesho naiuza maradufu."

"Kwa hiyo mjukuu wangu umemweka ndani ya kitu cha kuuza."

"Mama, huelewi mambo ya mjini."

"Naelewa mavi," alisema. "Hata Kosele tunayo. Ila sisi tunajenga mbali nayo."

Alikunywa chai akiwa amesimama kwenye lango, akamtemea mtoto mate ya baraka kwenye paji la uso, akaniachia kuku na wimbi, akarudi na lori lile lile. Nilitamani kupanda naye.

Mngefikiri maneno ya mama yake yalimwamsha. Hapana. Kilichomwamsha kilikuwa afisa mmoja wa serikali aliyehamishiwa mjini, ambaye alikuwa anatafuta nyumba ya kupanga kwa sababu zile zilizoachwa na Wazungu zilikuwa zimejaa. Alikuja kutazama yetu asubuhi. Alipita chumba hadi chumba akisema vizuri, vizuri sana. Mume wangu alimtajia kodi ambayo ilinifanya nimtazame kama mwizi. Afisa hakushtuka hata kidogo. Ila alipenda mazungumzo, akakaa verandani mpaka upepo ukageuka. Nilimwona anavyokunja pua, anavyotafuta chanzo, anavyokiona.

"Nyumba safi," alisema akisimama. "Pole sana." Akaondoka.

Jioni ile mume wangu alitembea verandani mbele na nyuma, mikono mgongoni.

"Hilo jaa lazima liondoke," akasema.

"Kwa ajili ya macho ya mtoto?"

"Kwa ajili ya kila kitu."

Alinipa kazi ya kuandika barua. Mwandiko wake, alisema, unajulikana ofisini, na barua lazima ionekane imetoka kwa wakaaji. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri, nilifundishwa na masista, na sikuwa na haja ya kubembelezwa. Nilikaa kwenye meza ya chakula nikaandika juu ya inzi, juu ya macho ya watoto, juu ya maji ya mvua yanayoharibiwa mapipani na maji ya ziwa yanayopokea kila kitu mvua inaponyesha. Kila neno lilikuwa la kweli. Hilo ndilo linaloniudhi hata leo, kwamba ukweli mtupu niliuandika ili kodi ya nyumba ipande.

Majirani wa nyumba nne za upande ule walikuja kutia sahihi, mmoja baada ya mwingine. Muuza baiskeli alikuja na mkewe. Alishika kalamu akasema ploti yake ikitoka kwenye uvundo itafika kiasi hiki. Aliyemfuata akasema yake itapita hapo kwa sababu iko pembeni. Wakabishana. Kwenye karatasi iliyokuwa mbele yao mlikuwa na macho ya watoto wao wenyewe, na hakuna aliyeyasoma.

Baraza likatuma madiwani watatu na bwana afya waje waone. Mume wangu, ambaye ndiye aliyeiweka barua juu ya mafaili yote, aliwapokea kana kwamba anashangaa kuwaona. Diwani mmoja alijifunika pua tangu langoni. Wa pili aliuliza kama kuna chai. Wa tatu, mwenye kofia, akaniuliza kwa ukali:

"Na nyinyi kwa nini mlijenga karibu na jaa?"

"Nyumba ilikuwa hapa kwanza, mzee," nikamjibu. "Jaa lililetwa."

"Nani alilileta?"

"Baraza."

Akakohoa akaomba sukari.

Bwana afya alisema jaa liondolewe, kwa kweli lilipaswa kuondolewa zamani. Swali lilikuwa lipelekwe wapi. Mume wangu alikuwa na ramani tayari, alikuwa ameikunja ndani ya koti. Akaitandaza mezani, kati ya vikombe, akaweka kidole ng'ambo ya kiwanda cha pamba.

"Hapa," alisema. "Ardhi tupu."

Kwenye ramani ilikuwa tupu kweli, rangi ya manjano isiyo na alama yoyote. Nilikuwa nimeshika birika, namimina. Mahali pale ndipo maziwa yangu yalipotoka kila asubuhi. Mama aliyeniletea alikuwa mtu wa visiwani. Ziwa lilipopanda miaka ile likala shamba lao na nyumba yao, naye akaja mjini na watoto wanne na ng'ombe watatu, akajenga nyumba ya udongo ng'ambo ya kiwanda pamoja na wenzake waliofukuzwa na maji kama yeye. Hawakuwa wachache. Kutoka kwenye dirisha la darasa langu niliona moshi wao.

"Kuna watu pale," nikasema.

Madiwani walinitazama kana kwamba birika ndilo lililosema.

"Mwalimu anamaanisha kuna wapita njia," mume wangu akawaambia, akitabasamu. Nami nikamimina chai.

Walipoondoka nilimfuata jikoni, mahali ambapo hakuzoea kufika, ila siku ile alikuwa anatafuta mabaki ya mandazi.

"Kuna watu," nilimwambia. "Mama wa maziwa anakaa pale. Unamjua."

"Wana karatasi za ploti?"

"Hawana karatasi. Wana nyumba."

"Nyumba isiyo na karatasi haina bei," alisema, akitafuna. "Na kisicho na bei hakiwezi kushuka bei. Fikiria vizuri, utaona hakuna anayeumia."

Alisema hivyo, akaoga, akala, akalala usingizi. Nimekutana na watu wabaya maishani, walevi, wapigaji, mwizi mmoja aliyeiba madawati ya shule. Sijasikia neno baya kuliko lile, na lilisemwa na mtu ambaye mdomo wake ulikuwa na sukari ya mandazi.

Lakini mimi nami. Ningeweza kumwambia yule mama kesho yake asubuhi, aliponipimia maziwa. Ningeweza kuandika barua ya pili kabla baraza halijakaa. Sikuandika. Nilitaka kuanika nguo zangu zikauke zikiwa safi. Nilitaka macho ya mtoto wangu yapone. Sababu zangu zilikuwa nzuri zaidi ya zake, nikajitosheleza na hilo.

Jaa likahamishwa. Lile la zamani wakalifunika kwa udongo, majani yakaota haraka haraka kwa sababu ya mbolea iliyokuwa chini, na korongo wakainuka mmoja mmoja wakafuata mikokoteni. Mchana wa kwanza upepo ulipogeuka na kuleta ziwa tupu, nilikaa verandani na mtoto mapajani nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Nilifurahi. Sitajitia utakatifu hapa.

Mama wa maziwa aliendelea kuja. Wiki ya kwanza hakusema kitu. Wiki ya pili inzi walikuja naye, wawili watatu, kwenye mdomo wa kopo lake, wale wale wa kijani. Mke wa muuza baiskeli alinishika mkono njiani.

"Bado unampa mtoto maziwa ya jaani?" aliniuliza. Mwanamke ambaye miezi michache tu iliyopita nguo zake zilinuka kama zangu! Nilimtazama kwa dharau niliyokuwa nimejifunza vizuri kufikia wakati huo. Nikaenda nyumbani. Nikavumilia siku nne, kisha asubuhi ya tano nikasimama mlangoni nikamwambia yule mama:

"Mama, maziwa usilete tena. Mtoto anaumwa tumbo nayo."

Ulikuwa uongo. Aliinama akatazama ndani ya kopo, kama mtu anayetafuta kosa.

"Ni maziwa yale yale, mwalimu," akasema. "Ng'ombe ni wale wale. Majani ni yale yale. Mimi tu ndiye nimeletewa vitu mlangoni."

Nilidhani ataondoka. Hakuondoka.

"Kuna jambo lingine lililonileta," alisema. "Wenzangu wamenituma. Wanasema wewe una mkono mzuri. Tuandikie barua kwa baraza."

Hakujua. Namwapia yeyote anayetaka kiapo, hakujua. Nilimwingiza ndani nikamkalisha kwenye meza ile ile. Akaniambia kwa Dholuo, lugha yetu, polepole, akingoja nimalize kila sentensi, nami nikaandika: inzi, macho ya watoto, maji ya mvua, maji ya ziwa. Hakukuwa na haja ya yeye kuendelea, ningeweza kummalizia. Nilipomsomea aliitikia kwa kichwa akasema, "Kama umekaa kwetu." Akachukua karatasi na chupa yangu ya wino, akaenda kuwatafuta wenzake watie vidole gumba. Kesho yake akaipeleka ofisini mwenyewe.

Mume wangu alirudi saa sita mchana, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Alitoa ile karatasi mfukoni akaiweka mezani.

"Huu ni mkono wa nani?"

"Unaujua."

"Umeniaibisha mbele ya ofisi nzima."

"Ofisi nzima inajua mwandiko wangu? Ulisema wakaaji ndio walioandika ile ya kwanza."

Kisha akaanza tena, kwa sauti ya chini, ile aliyoitumia na wazee waliokuja ofisini kuuliza mashamba yao. "Ile ya kwanza ilikuwa na namba za ploti. Hii ina vidole. Vidole si anwani."

"Maneno ni yale yale. Uliyapenda."

"Mama," aliniambia, na alipokuwa amekasirika ndipo aliponiita mama, "wewe unataka jaa lirudi hapa?"

Alijua amenishika. Alikunja karatasi vizuri, kwa kuwa karatasi aliziheshimu, akarudi nayo kazini.

Jibu lilitoka baada ya muda. Yule mama aliniletea nimsomee. Lilikuwa limepigwa taipu, lina mhuri, na kwa Kiingereza lilisema kwamba baraza haliwezi kupokea malalamiko ya watu wasiomiliki ploti ndani ya mji. Nikamtafsiria.

"Basi?" akauliza.

"Basi."

"Karatasi kubwa hivi kwa neno hilo moja?" Akaichukua kutoka mkononi mwangu, akautazama mhuri, akaikunja akaitia kifuani. Sijui alitaka kuifanyia nini.

Yule afisa wa serikali akarudi. Safari hii alikaa verandani tangu saa tano mpaka saa tisa, upepo ukageuka, akavuta pumzi, akatabasamu. Wakapeana mikono. Nilidhani wanaagana.

"Anza kufunga vitu," mume wangu akaniambia. "Anaingia mwisho wa mwezi."

"Sisi tunaenda wapi?"

"Nimetupatia vyumba viwili karibu na soko la samaki. Pazuri tu."

Tuliishi kwenye nyumba ile wakati ilipokuwa haikaliki. Tulioga uvundo wake, tukala inzi wake, mtoto akakaribia kupoteza macho. Ilipopata hewa, tulitolewa ili hewa ivutwe na mtu mwingine kwa kodi. Nilifunga vyombo nikicheka peke yangu, na mume wangu akaniuliza kama nina homa.

Mambo hayakumwendea alivyopanga, na nilifurahi, nayasema hayo bila aibu. Udongo waliofunikia jaa la zamani ulikuwa kiasi cha kiganja. Mvua ndefu ya pili ikaufungua. Mteremko ukatema vyote, chupa, mifupa, matambara meusi, na uvundo uliokuwa umeiva chini kwa mwaka mzima ukatoka ukiwa na nguvu mpya. Afisa akahama bila kungoja mwisho wa mwezi. Wakati huo sisi tulikuwa tumehamishiwa Migori, na mume wangu akawa anapanda lori kila Jumamosi kwenda Homa Bay kusimamia wafanyakazi wa koleo, akirudi na viatu ambavyo nilimwambia aviache nje. Nyumba ilikaa tupu mpaka akaiuza kwa bei iliyomfanya asile siku mbili. Aliyeinunua alikuwa muuza baiskeli. Kwa fedha zile mume wangu hatimaye akajenga Kosele, kwa baba yake, kwa jogoo na moto, na mama yake akaingia akakaa bila kuuliza nani amekufa. Mume wangu bado husimulia wageni jinsi alivyowahi kuwa na nyumba ya mawe yenye kutazama ziwa. Huwa natoka nje akifika hapo.

Mama wa maziwa alikuja dukani Migori, karibu na shule yangu, mwaka wa pili baada ya sisi kuhamia. Mimi nilikuwa nanunua chaki kwa fedha zangu, maana kwenye shule ile chaki zilikuwa za kuombwa. Alinitambua kwanza. Aliniambia ng'ombe wawili walikufa, mmoja akamuuza, kwa kuwa maziwa yake hayakununuliwa tena mjini na mtu yeyote. Ile nyumba ya udongo aliiacha ilivyo. Hakukuwa na wa kuinunua, na hakushangaa. Sasa alikaa kwa kaka yake upande wa Osiri, ambako watu walikuwa wanaosha mchanga wakitafuta dhahabu, na yeye aliwapikia waoshaji.

"Na mtoto?" akaniuliza. "Alipona tumbo?"

Alikuwa ananitazama usoni, bila kejeli yoyote. Kama ningeona kejeli ningeshukuru.

"Alipona," nikasema.

"Ashukuriwe Mungu." Kisha akamvuta mbele binti yake mdogo, aliyekuwa amejificha nyuma ya sketi yake, akaniuliza kama shuleni kwangu kuna nafasi. Kulikuwa na nafasi. Binti alikaa kwa shangazi yake pale Migori, nami nikamfundisha miaka miwili. Hakuwa hodari wa hesabu lakini alisoma vizuri, kwa sauti kubwa, kila neno kama amelichimba mwenyewe. Mama yake alikuja shuleni siku za kufunga muhula tu, amevaa kitambaa safi kichwani. Tulisalimiana kwa heshima. Kila mara nilikuwa wa kwanza kuinamisha macho, naye, nadhani, alidhani ndivyo walimu wanavyosalimia.